Mwaka Niliomenya Dengu

Mwezi uliopita Nasra alinipigia simu kutoka Tanga kunieleza kwamba anamleta mama yake Moshi kwa wiki mbili, apumzike na joto la kule, aone watu wake waliobaki. Mama Nasra sasa anakaribia miaka themanini. Magoti yamegoma na macho yamepungua, lakini nilimsikia nyuma ya simu akimkatiza binti yake: “Muulize kama bado anapika humusi, au siku hizi anakula mtori tu, supu yao ya ndizi na nyama, kama wenzake.” Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Basi jana jioni niliosha dengu, nikaziloweka hapa nyumbani kwangu Shirimatunda, na leo asubuhi nikazichemsha, nikakaa nje ya mlango wa jikoni na beseni mapajani, ninazimenya moja moja. Binti yangu Upendo, aliyekuja kutoka Arusha kunisaidia mapokezi, alisimama akinitazama kama mtu anayemwona mwenzake anaosha kokoto. “Mama, kwani lazima kumenya?” akauliza. “Blenda inasaga na maganda yake. Nani atajua?” Nikamwambia Mama Nasra atajua, naye akaguna akidhani namtania. Upendo ana miaka thelathini na mitatu, ana kazi yake na mtoto wake, na hajui kwamba maneno hayo, nani atajua, yalisemwa kando ya kitanda changu yeye akiwa na siku kumi na tisa duniani, na kwamba karibu yanipotezee rafiki niliyempenda kuliko wote mjini hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi na mume wangu Elisante tulipanga chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya vyumba sita iliyozunguka ua wa saruji wenye bomba moja, kamba za nguo, na jiko la mabati lililokuwa la wapangaji wote. Chumbani tulikuwa na kitanda, meza, viti viwili visivyofanana, na kabati la vyombo lenye mlango mmoja. Mlango wa pili uliegeshwa nyuma yake ukimngoja fundi ambaye hakuja mpaka tulipohama. Kuta zilikoma futi mbili chini ya bati, hazikufika juu, kwa hiyo kila mpangaji alijua mwenzake kagombana na nani, kala nini na kakohoa mara ngapi. Elisante alikuwa mpishi msaidizi wa safari za mlimani. Alipanda na wageni siku sita au saba, akashuka ananuka mafuta ya taa, akalala siku mbili, akapanda tena. Sehemu kubwa ya mwaka huo niliishi zaidi na sauti ya Mama Nasra kuliko na ya mume wangu, na sisemi hivyo kwa kulalamika. Mama Nasra, mpangaji wa chumba kilichopakana na chetu, alikuwa mjane, mzaliwa wa mji huu huu. Babu yake alitoka Yemeni, bibi yake alikuwa Mpare, na yeye mwenyewe alisema Kiswahili kilichonyooka na kuelewa Kichagga zaidi ya alivyokubali. Usichana wake aliwapikia watu wa familia moja ya Kilebanoni waliokuwa na karakana hapa mjini. Walipoondoka walimwachia sufuria nzito ya chuma, mashine ya mkono ya kusagia, na ujuzi wa humusi. Kwa asiyeijua, humusi ni dengu zilizochemshwa zikalainika, zikasagwa pamoja na ufuta, limao na kitunguu swaumu, ikawa kitu kizito cha kuchovya chapati. Mama Nasra aliiuza kwenye nyumba za wageni na kwa wapishi wa mlimani, maana wazungu wengine hawali nyama, na wapishi walikuwa wamechoka kuwapa kabichi.

Mimba yangu ilikuwa ya kutapika. Kilichonishinda kuliko vyote kilikuwa harufu ya ndizi zikichemka, na nililia kwa aibu, maana Mchagga anayekimbia ndizi atajieleza vipi kwa watu wake? Asubuhi moja, Elisante akiwa mlimani, mlango uligongwa.

“Aikande, fungua. Nimesikia.”

“Shikamoo, Mama Nasra. Umesikia nini?”

“Marahaba. Nimesikia tumbo lako tangu alfajiri. Kuta hizi unadhani ni za benki?”

Alikuwa na kisahani cha humusi aliyoizidishia limao kwa ajili yangu, na robo ya chapati iliyopoa. Aliketi kwenye kiti kisichofanana na mwenzake, akaniangalia ninavyomega kwa woga, akasubiri. Nikala, ikakaa. Nikala tena, ikakaa. Mchana nikamfuata mwenyewe jikoni na sahani tupu mkononi, akacheka, akasema mtoto huyu ni wa kwetu, mtampa jina gani. Tangu siku hiyo mpaka nilipojifungua sikumbuki siku iliyopita bila dengu kinywani mwangu, na nikitazama nyuma naona kwamba nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina lake, furaha ya mtu aliyepata mahali pa kukaa mchana.

Ndipo akaanza kunifundisha, kwanza kwa sababu nilikuwa njiani mwake, baadaye kwa sababu mikono yangu ilikuwa myepesi. Alikuwa mwalimu mkali. Dengu zilowekwe usiku kucha, zichemshwe mpaka uibonyeze moja kwa vidole viwili isikupinge, kisha zitiwe kwenye maji baridi na kumenywa, kila moja, maana ganda ndilo linalofanya humusi ikwaruze ulimi. Ufuta ukaangwe bila mafuta mpaka unukie, basi, uondolewe upesi; ukigeuka rangi ni mchungu, mwaga, usijidanganye. Mwisho kabisa maji ya baridi, kidogo kidogo, huku unapiga na mwiko, mpaka yote iwe nyeupe na laini. Ya kawaida ilipotulia tulitia ladha. Tulichoma bitiruti kwenye majivu, tukaiponda humo, ikatoka rangi ya khanga mpya. Tulichoma pilipili hoho nyekundu mpaka ngozi ikaungua na kubanduka. Tulitia kotimiri na pilipili kichaa kwa wale waliotaka kutokwa jasho. Ya parachichi ilikuwa yangu, mawazo yangu na parachichi za kwetu, na Mama Nasra aliionja, akaiongeza kwenye orodha ya wateja bila kunisifu, nami nikatembea juu juu wiki nzima. Nikajiona fundi, nikajaribu ya mnafu, ile mboga chungu tunayoipenda sana mlimani. Ilitoka na rangi ya tope la mashamba ya mpunga ya Mabogini na ladha ya dawa ya minyoo. Mama Nasra alilitazama bakuli lile. “Hii tumpe mwenye nyumba,” akasema.

Alasiri, kazi ikiisha, alikuja kula kwangu. Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mama Nasra alikuwa mtu wa dini yake, anayeswali kwa wakati na kufunga Jumatatu na Alhamisi miezi isiyokuwa ya kufunga, na pale uani palikuwa na wapangaji aliowasalimia vizuri miaka kumi bila kuonja hata chai yao. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwangu akaniuliza bila kuficha kama tunapika kitimoto, nyama ya nguruwe, humu. Nikamwambia hapana, na nyama ninayonunua ni ya bucha la Majengo, inayochinjwa na Mwislamu. Akavua ndara, akaingia, akala viazi vitamu vyangu na mchicha wangu, akaniacha na chombo kitupu. Nilijiona nimepewa kitu kikubwa. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba za Walutheri watupu, kahawa na kwaya, na sasa mwanamke huyu aliamini sufuria zangu.

Upendo alizaliwa katikati ya masika. Wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu akashuka kutoka mlimani na mikungu ya ndizi, samli kwenye kopo la maziwa, na begi la nguo lililoonyesha wazi kwamba harudi karibuni. Kwetu mzazi analishwa miezi mitatu. Hagusi maji ya baridi, hafagii, havuki ua; anakula na kunyonyesha, na mama mkwe anahukumiwa na ukoo mzima kwa mashavu ya mke wa mwanawe. Asubuhi ilikuwa mtori, saa nne maziwa, mchana supu, na mara kwa mara mlaso, yaani damu ya mbuzi iliyopikwa polepole na maziwa na samli, ambayo kwetu ndiyo hasa humrudishia mzazi damu aliyopoteza. Kutapika kuliisha siku Upendo alipotoka, kwa hiyo nilikula kila kitu, na bado Mama Nasra alileta kisahani chake cha alasiri. Mama mkwe alikitazama kile kitu cheupe kwa mashaka.

“Hiki ni chakula au ni cha kupaka ukuta?”

“Ni vyote viwili, mama. Shikamoo,” alijibu Mama Nasra.

“Marahaba, mwanangu. Basi mimi nitasubiri cha ukuta.”

Walipendana kwa tahadhari. Mama mkwe aligoma kuonja, Mama Nasra hakuacha kuleta, na mimi nilikuwa kitandani katikati yao ninanenepa.

Kisha ikaja habari ya posa. Nasra alikuwa na miaka ishirini na moja, na kijana aliyempenda alikuwa wa Tanga. Ndugu zake wangefika Jumamosi kuleta barua. Mama Nasra hakulala kwa mawazo. Watu wa pwani, alisema, wanadhani sisi huku bara tunajua kuchemsha tu. Pilau atapika, kuku atapika, lakini katikati ya mkeka ataweka kitu ambacho hawajakiona, humusi ya rangi nne. Alhamisi jioni aliloweka dengu kilo nne ndani ya sufuria yake ya chuma, akafunika, akaiacha kwenye pembe yake ya jiko. Ijumaa mapema yeye na Nasra wakaenda sokoni na kwa dada yake kuazima sahani.

Asubuhi hiyo hiyo shemeji yangu alishuka na mguu wa mbuzi na kidumu cha damu iliyokorogwa isigande. Nilikuwa kitandani, Upendo kwenye titi, mvua inapiga bati, nikasikia mama mkwe anahangaika jikoni na kuimba pambio. Baada ya muda akaingia na bakuli la mlaso. Nikanywa. Ulikuwa umetulia, hauna bonge wala harufu ya kuungua, mzuri kuliko yote aliyowahi kunipikia, nikamwambia hivyo.

“Ni sufuria,” akasema, amefurahi. “Yangu moja ina mtori, nyingine maji ya kumwogeshea mtoto. Nikachukua ile ya chuma ya jirani. Dengu zake nimezimimina kwenye beseni, nimepika, nimeisuuza, nimezirudisha mle mle na maji yake. Hata hatajua kama iliguswa.”

Nilihisi maziwa yanakatika. “Mama, ni damu.”

“Ya mbuzi!” akasema, kama mtu aliyesingiziwa. “Mimi si mjinga, Aikande. Najua Waislamu hawali nguruwe. Ingekuwa nguruwe nisingegusa hata mfuniko.”

“Hawali damu, mama. Damu ya mnyama yeyote.”

“Yeyote?”

“Yeyote.”

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa mama wa miaka sitini na zaidi, amewahi kuuza ndizi kwa Waislamu, kucheka nao, kuzika nao, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo hili kwa sababu hakuna aliyefikiri lina haja ya kusemwa. “Ruwa wangu,” akanong’ona, akimwita Mungu kwa Kichagga. “Sasa mzazi wao wanamnywesha nini?”

Natamani kusema kwamba nilicheka, lakini sikucheka mpaka miaka mitatu baadaye. Yeye ndiye aliyepata akili kwanza. Alisema tunyamaze. Sufuria imeoshwa, damu ilishachemka, dengu zenyewe bado zinakwenda kuchemshwa, nani atajua? Akasema neno lingine ambalo lilinishika zaidi, kwa sababu halikuwa la ujanja: “Kesho ana wageni wa mtoto wake. Ukimwambia leo unamvunjia siku yake. Ubebe mwenyewe moyoni, ndiyo heshima.” Na mimi nilitaka kukubali. Sikuogopa dhambi yake wala ya mama mkwe. Niliogopa jambo moja tu, kwamba nikimwambia Mama Nasra hatakula tena kwangu, kile kiti kitakuwa kitupu alasiri zote, nami nitarudi kuwa mpangaji anayesalimiwa vizuri. Nikimnyima ukweli, atakula. Atakula kesho pia, yeye na wakwe wa binti yake, na atanishukuru kwa dengu nilizoahidi kummenyea nikiwa kitandani. Hilo la kunishukuru ndilo lililoninyanyua kitandani.

“Mzazi havuki ua,” mama mkwe alisema, amesimama mlangoni.

“Nipishe, mama. Tafadhali.”

Alinipisha. Nilivuka ua kwenye manyunyu, mtoto kifuani ndani ya shuka mbili, nikakaa kwenye kizingiti cha Mama Nasra. Waliporudi na vikapu, aliponiona nje, aliachia kila kitu, vitunguu vikabingirika mpaka bombani. “Mtoto?” alipiga kelele. “Mtoto ana nini?” Nikasema mtoto mzima. Kisha nikamwambia yote, damu, sufuria, dengu zilizorudishwa, bila kumtaja mama mkwe vibaya, na bila kulia, maana niliona nikilia itabidi anibembeleze.

Hakufoka. Aliingia jikoni, akafunua mfuniko, akainama, akanusa, akafunika. “Nasra, rudi dukani,” akasema. “Dengu kilo nne. Kimbia.” Kisha kwangu, bila kunitazama usoni: “Nenda kalale, Mama Upendo. Una mtoto mchanga.” Ni jina langu la heshima, na kila mtu alikuwa ameshaanza kuniita hivyo, ila yeye. Yeye siku zote alikuwa ananiita Aikande. Nilirudi chumbani nikiwa na heshima zangu, nikageukia ukutani.

Dengu zilizoharibika zilipewa kuku wa nyumba ya pili. Shehe wa msikiti wa jirani aliulizwa, akasema sufuria ya chuma ikioshwa mpaka harufu na rangi viishe imetakata, na Nasra akaisugua kwa majivu na mchanga hata ikang’aa, lakini mama yake hakuiinjika siku ile. Aliazima kubwa ya dada yake. Tatizo likawa saa. Dengu kavu zilizotiwa majini saa saba mchana zisingeiva kwa kumenywa na kusagwa jioni ile, na wageni walikuwa wanafika kesho asubuhi, na niliwasikia juu ya ukuta wakibishana kama waache humusi kabisa. Hapo ndipo mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa tangu asubuhi kama mtu aliyefiwa, aliinuka na kutoka. Nilisogeza pazia.

“Mama Nasra,” alisema, amesimama katikati ya ua. “Nimekukosea. Sijui niseme nini, kwa hiyo sisemi. Lakini dengu zako hazitaiva. Sisi kwenye kiburu, ndizi na maharage, tunatia magadi kidogo. Zitie maji ya moto na magadi haya, kiasi cha ncha ya kijiko. Zitalainika na maganda yatavuka yenyewe. Kisha uzisuuze maji matatu, la sivyo zitanuka sabuni.”

Mama Nasra alikiangalia kile kifurushi cha karatasi. “Magadi hayo yalikaa wapi?”

“Kwenye pindo la khanga yangu. Hayajagusa chungu.”

Mama Nasra alinyoosha mkono, akakipokea. Mama mkwe alinawa bombani mara tatu, akainua mikono juu ionekane, akasogeza kigoda, na kuanzia saa kumi mpaka jua linazama alimenya dengu za posa ya mtoto wa watu. Zilivuka maganda kama alivyosema. Kesho yake nilisikia kila kitu nikiwa kitandani: salamu ndefu, vicheko, barua ikisomwa, posa ikikubaliwa, na sauti nzito ya mama mmoja wa Tanga ikiuliza huku bara wamejifunzia wapi mambo haya. “Huku bara tuna walimu,” Mama Nasra alijibu. Nasra alituletea sahani ya rangi nne. Mama mkwe alimega, akachovya ya bitiruti, akatafuna kwa makini akitazama dari isiyokuwepo. “Kumbe si ya ukuta,” akasema, akamaliza sahani.

Lakini Jumatatu alasiri nilipomwita Mama Nasra, alisema amefunga. Jumanne alisema ameshiba. Jumatano alikuja, akamwogesha Upendo, akamwimbia, akakaa kwenye kiti chake, na nilipomwekea chai alisema ameitoa kinywani sasa hivi. Wiki ya pili mama mkwe alipanda nyumbani siku moja, akarudi na jani la sale limefungwa fundo. Kwetu anayeleta sale anaomba msamaha, na aliyeletewa harudishi mtu mikono mitupu. Mama Nasra, mtoto wa Moshi, alijua. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema yameisha, mama, yaliisha siku ile ile, akalichomeka juu ya mlango wake. Mama mkwe akarudi chumbani mwepesi kama msichana. Alasiri hiyo nikaweka viazi vitamu mezani. “Nimeshiba, mwanangu,” Mama Nasra akasema, na alisema kwa upole wa kweli. Nikaelewa kwamba alikuwa ametusamehe kwa moyo wote, na kwamba kusamehe ni jambo moja na kumeza ni jingine. Hakuwa ananiadhibu. Mdomo wake tu ndio ulikuwa haufunguki kwangu, na mdomo haulazimishwi.

Siku moja dada yake alimtembelea, nikawasikia juu ya ukuta. “Umewasamehe, vizuri,” dada alikuwa anasema. “Ila usile tena kwao. Watu wa mlimani hujui wamepikia nini.” “Yule binti aliniambia,” Mama Nasra akasema. “Alikuwa na siku kumi na tisa za uzazi, akatoka kwenye mvua akaniambia. Angenyamaza ningewalisha wakwe zangu.” Dada akasema hilo analijua, hilo zuri, lakini je, utakula? Nilitega sikio, Upendo akinivuta titi. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani yake, na habari ikageuka kuwa ya vitambaa vya harusi.

Elisante aliposhuka nilimweleza, akasema si mmeomba msamaha, basi. Wanaume wana bahati ya kuishi kwenye dunia fupi. Mimi nilikaa na jambo hilo miezi miwili, na sasa nikiwa mtu mzima nikilifikiria, na kidole gumba kikiwa kimelowa maji ya dengu, naona kwamba ile miezi ndiyo iliyonifanya mtu. Nilikuwa nimesema kweli nikidhani kweli italipwa papo hapo, kama mtoto anayeleta chenji kamili. Haikulipwa. Ilibidi niamke kila siku nimsalimie, nipokee kisahani chake, nikae nacho, nisimwombe kitu. Upendo amechoka kunitazama, amevuta kigoda, amechukua dengu kiganjani na anamenya vibaya, anarusha maganda mpaka kwenye maua yangu. Namwacha. Mama Nasra atafika kesho na atapata la kusema.

Kipindi changu cha uzazi kiliisha mwezi wa saba, baridi ya Moshi ikiwa imekaza. Mama mkwe alinizungusha mara moja mbele yake, akaridhika na kazi yake, akasema nimenona kama ndafu, yule mbuzi wa kunenepeshwa kwa sherehe, akapanda kwao. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kushika mwiko nilikwenda sokoni, nikanunua sufuria mpya ambayo haijawahi kuona moto. Nikaloweka dengu. Kesho yake, Upendo mgongoni, nikazichemsha, nikazimenya zote, nikakaanga ufuta, nikasaga, nikapiga na maji ya baridi mpaka mkono ukauma. Sikutia bitiruti wala parachichi wala chochote. Nilitengeneza nyeupe, ile ya kwanza, nikaitandaza kwenye sahani na kuweka chapati mbili juu ya kitambaa. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu alfajiri, kwamba sufuria ni mpya, na kwamba mwiko ni mpya, na kwamba hata kama hatakula sitamfikiria vibaya, na kwamba namshukuru.

Alasiri nikabisha hodi. Alikuwa kwenye mkeka anapepeta ufuta, miwani kwenye ncha ya pua. Nikasema shikamoo, akaitikia, nikaiweka sahani mbele yake, nikabaki nimesimama.

“Mama Nasra,” nikaanza, “ile sufuria...”

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye chapati. Alimega kipande kikubwa, akachovya mpaka vidole vikagusa, akatia mdomoni, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya siku zote anapopima kazi yangu. Akatafuna. Akameza. Mimi nilisimama pale na hotuba yangu yote, mtoto akinipiga mateke mgongoni.

“Limao limepungua, Aikande,” akasema, akamega tena.